Mstari wa Saa Nne na Nusu

Mzee Ignatio alilala chali kando ya barabara ya kuteremkia ziwani, namba 88 ingali imebanwa kifuani kwa pini. Mtu mwenye huruma alikuwa amemfunika uso kwa kofia yake mwenyewe.

Inspekta Hildegardi Kapinga alichuchumaa, akaiinua kofia, akairudisha taratibu.

"Shikamoo mama. Wewe ndiye uliyekuwa naye?"

"Marahaba mwanangu. Ni mimi." Mama Walburga alikuwa ameketi kwenye jiwe, viatu mkononi. "Saa tano kamili alishika kifua, akakaa chini. Nimempepea kwa kanga hii saa nzima na ushei. Mwenzetu alikimbia kule chini kwa Aidan wa redio. Aidan akaita kilimani mpaka sauti ikamkauka. Gari la wagonjwa lipo, mafuta yamo, dereva yumo. Nani wa kulileta bila kuitwa?"

"Kwa nini halikuja?"

"Kamuulize yule binti aliyeuza redio!"

Yalikuwa matembezi ya hisani ya Kwaresima, siku mbili kwa miguu kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kuchangia wodi ya wazazi. Njia nzima haina simu. Kwa hiyo watu wa redio ya ridhaa, waliojifunza kazi hiyo kwa kupenda tu, walijitolea kuweka vituo vinne. Sista Ottilia alikaa Mbinga. Egidi alikaa kituo cha pili, chini ya kilima, na gari la wagonjwa liliegeshwa hapo hapo kwake. Herieth alikaa kileleni, kituo cha tatu. Aidan alikuwa cha nne, ufukweni. Kwa sababu ya milima, kila neno lilipitia kwa Herieth. Kilima kikinyamaza, wote ni viziwi.

Na kilima kilinyamaza. Redio iliibwa mchana kweupe.

Jioni Herieth alikuwa rumande. Kesho yake jalada lilitakiwa Songea. Mjini maneno yalikuwa yamekwisha kuiva: binti wa ziwani, ana wajomba wenye mitumbwi, redio imeshavuka hadi Malawi.

"Uliondoka kituoni?" Inspekta alimuuliza.

"Ndiyo, afande. Nilishuka kijitoni kuwachotea maji watembeaji. Dakika kumi na tano."

"Saa ngapi?"

"Nilipomaliza tu kuita vituo, saa nne na nusu. Niliporudi, meza tupu. Betri ipo, redio hakuna."

"Betri iliachwa?"

"Iliachwa."

Inspekta aliliandika hilo. Siku hizi za ruksa, biashara zimefunguliwa, kila baa ilikuwa na televisheni, na umeme haupo. Betri ya gari kama ile ilikuwa haikai sokoni hata saa moja. Mwizi gani wa kuuza anaacha mali inayonunulika, anabeba mashine ambayo watu kumi tu wilaya nzima wanajua kuiwasha?

"Hukupiga kelele?"

"Nilikimbia hadi kwa kaka Egidi kumwambia. Akaniambia, 'Umelala, sasa unatunga hadithi.' Afande, mzee yule alinipungia mkono alipopita. Kama ningekuwa na redio..."

Asubuhi na mapema Inspekta alipanda kilimani na Konstebo Mansuetus. Pembeni ya kituo kulikuwa na shamba la ngoro, limeshuka mteremko wote, mashimo na matuta yake kama sega la nyuki. Maharage yalikuwa yamechipua juu ya matuta.

"Afande, tunatafuta nini? Redio iko Malawi."

"Angalia lile tuta la tatu."

"Naliona."

"Maharage yako wapi?"

Mansuetus alikodoa macho. Hatua mbili za tuta zilikuwa tupu. "Ndege wamekula."

"Ndege hawali wakasawazisha udongo. Mimi nimelima ngoro tangu sijaota meno ya ukubwa, mdogo wangu. Mgeni angetupa kitu shimoni, kwa sababu shimo analiona. Sisi wa huku milimani tunajua shimo hujaa maji. Kikavu ni tuta."

Konstebo alichimba kwa mikono. Chini ya majani yaliyooza alitoa mfuko wa mbolea, na ndani yake redio, imeviringishwa kwa shuka safi. Waya wa kipaza sauti ulikuwa umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi.

"Huyu mwizi ana mapenzi," Mansuetus alicheka.

"Na redio, ndiyo," Inspekta alisema. Hakucheka. "Ifunge hivyo hivyo. Ni kielelezo."

Egidi aliitwa kituo cha polisi saa sita. Alikuja amechana nywele, daftari lake la mawasiliano limefunikwa kwa gazeti. Aliliweka mezani kama mtu anayetoa sadaka.

"Miaka kumi na miwili, afande. Kila nusu saa imeandikwa. Hutakuta mstari mtupu. Waulize hao watoto wa juzi kama wanaweza."

"Watoto gani?"

"Si yule wa ziwani? Mimi ndiye niliyepanda mti kufunga ule waya wa kilimani. Nimemfundisha mpaka kushika kipaza. Halafu Sista anasema Herieth akae juu, ana sauti nzuri. Sauti! Imba kwaya basi!"

"Hati yako ni nzuri," Inspekta alisema, akifunua. "Nisomee saa nne na nusu."

"'Kituo cha tatu kimeita. Watembeaji mia moja thelathini na wanane wamepita. Wote wazima.'"

"Saa tano?"

"'Kituo cha tatu, hakuna jibu.' Ndipo alipokuwa amelala."

Inspekta alitoa madaftari mengine mawili, akayafungua bega kwa bega. "Hili la Sista Ottilia, Mbinga. Hili la Aidan, ziwani. Saa nne na nusu Herieth alisema watembeaji mia moja hamsini na mmoja. Wote wawili wameandika hivyo. Chini yake wameandika kingine. Soma."

Egidi alisoma kimoyomoyo. Midomo ilimcheza.

"Kwa sauti, kaka."

"'Kituo cha pili kimeitwa mara tatu. Hakikujibu.'"

"Ulikuwa wapi?"

"Betri... ilikuwa imelegea."

"Basi hiyo mia na thelathini na nane ulisikia kwa nani?"

Egidi alilifunga daftari lake. Inspekta akalifungua tena.

"Dereva alikuwa amelala garini. Hukuwepo, ukarudi, ukakuta mstari umebaki mtupu, mkono ukakataa kuuacha. Shuka ile ni ya kitanda cha nani, Egidi? Nimpelekee mkeo aitazame?"

Bega moja la Egidi lilishuka, kisha la pili.

"Nilipanda nimwone anavyokosea," alisema. "Nikajificha kichakani, hatua kumi. Akaanza kuita. 'Kaka Egidi, kaka Egidi, uko salama?' Mara tatu. Nilikuwa namsikia bila redio. Sikujibu, na hata idadi aliyotaja haikuniingia kichwani. Watembeaji wakawa wanapita wanampungia mikono, mmoja akampa ndizi. Afande, miaka kumi na miwili sijapewa hata ndizi! Wakifika ziwani wanauliza, yuko wapi yule dada wa sauti? Hakuna aliyeuliza aliyefunga waya ni nani."

"Aliposhuka kijitoni?"

"Niliichukua. Nilitaka aaibike siku moja tu. Ningeirudisha. Ndiyo maana niliiviringisha kwa shuka niliyokuwa nimejitanda kwa baridi."

"Saa tano Mzee Ignatio alianguka. Gari lilikuwa umbali gani na meza yako?"

"Hatua ishirini."

"Na wewe ukaandika nini?"

Alifunika uso. "Hakuna jibu."

Inspekta alimwonya kisheria, akayaandika maelezo yake, akampa kalamu asaini. Egidi alisaini. Hakuirudisha kalamu. Alilivuta daftari lake, akaukata mstari wa saa nne na nusu kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake akaandika, kwa hati ile ile ya kupendeza: *Sikuwepo kituoni.*

Mansuetus alitoa pingu. Upande wa pili wa ukuta funguo za rumande zililia, na sauti ya Herieth, iliyokauka kwa kulia usiku kucha, ilisikika wazi ikiuliza mazishi ya Mzee Ignatio ni saa ngapi.

Egidi aliinamisha kichwa, akasikiliza mpaka mwisho.