Beti Tano, Siyo Mmoja

Kila jioni nikimenya njegere, mjukuu wangu Nuzhat huketi kando yangu kufanya kazi ya shule, na njegere nyingi huishia kinywani mwake. Siku hiyo alifunga daftari upesi mno.

"Umemaliza?"

"Zamani, Bibi! Nimechambua vina, mizani na muundo, beti zote tano. Nimeshamwambia Mwalimu Sabiha kwamba nimemaliza. Jumamosi nitalieleza shairi hili mbele ya wazazi wote."

"Hata muuza maziwa wa mtaa wetu?"

"Yule atakaa mbele kabisa!"

"Haya, nisomee. Neno la mwisho nitaliitikia, kama tunavyowaitikia washairi barazani."

Akasoma:

*Mvua imeshakatika, paa lavuja bado,*
*Jua limeshachomoza, mama angoja bado.*

Mara zote mbili niliitikia, "Bado!" Akaendelea:

*Shomoro wamerejea, kiota wakijenga,*

Nikaendelea kumenya.

"Bibi, umelala? Itikia!"

"Niitikie nini? Neno lenyewe halijaja."

Akatazama kitabu, akasoma polepole:

*Baba yuko safarini, barua yaja bado.*

"Bado!" nikasema. "Lavuja, angoja, yaja. Hapo sawa."

Uso ukamshuka. Daftarini alikuwa ameandika: *Mishororo yote ina kina kimoja.*

"Ulichambua beti ngapi, mwanangu?"

"Mmoja tu. Nilidhani zote zinafanana." Machozi yakamlengalenga. "Mwalimu akijua, atampa mwingine nafasi yangu."

"Huenda. Lakini kesho utamwambia. Sasa sogeza bakuli. Mimi shule niliishia darasa la nne, ila masikio ninayo."

Kwa kila mizani akaweka njegere moja sakafuni: nane, kisha saba. Mishororo kumi yote. Chakula kilichelewa, babu yake akanung'unika, tukamwacha.

Kesho yake Nuzhat alimweleza mwalimu kila kitu. Mwalimu Sabiha aliusoma uchambuzi mpya daftarini, akasema, "Jumamosi uje mapema."

Siku ilipofika, Nuzhat aliwaambia watu: "Ubeti wa kwanza unafunga kina mishororo yote miwili. Zinazofuata, mshororo wa pili tu. Ule wa kwanza, subirini!" Wakasubiri. Neno lilipofika, ukumbi mzima ukalipuka, "Bado!" Muuza maziwa alipaza sauti kuliko wote.

Mwalimu akamshika bega. "Ulinidanganya, nikaumia. Lakini uliniambia mwenyewe kabla sijagundua, ukarudia kazi yote. Ndiyo maana umesimama hapa. Ukianza kitu, kifikishe mwisho, ndipo useme umemaliza."