Picha ya Samaki wa Ratili Tisa

Jumamosi ile ya Januari, ukumbi wa maonyesho wa Birmingham ulifurika watu hadi pa kutia mguu hapakuwapo. Wanaume waliovaa kofia za chapeo na makoti ya kijani walizunguka maboti mapya wakiyapapasa ubavuni kama wanunuzi wa ng'ombe. Odessa Tolliver, au Dessa kwa kifupi, alisimama nyuma ya meza yake ndogo. Alivaa shati la samawati lililopigwa pasi, jina lake limetariziwa kifuani, na nywele zake zilisukwa mabutu mawili yaliyoshuka chini ya kofia. Alikuwa na miaka thelathini na miwili, na katika ukumbi mzima ndiye mwanamke pekee aliyetafuta wateja wa kuwaongoza kuvua samaki aitwaye besi katika Ziwa Guntersville. Tangu asubuhi watu wanne walikuwa wamemwuliza mumewe yuko wapi.

Mtu wa tano hakuuliza kitu. Alikuja kinyumenyume, akimpisha mama mwenye kigari cha mtoto, sweta lake likanasa kwenye ndoana, akaondoka na fimbo tatu za kuvulia.

"Simama hapo hapo!" Dessa alimkemea. "Ukivuta, litafumuka lote."

"Nimeshasimama. Nimevunja kitu?"

"Bado. Umenasa tu."

"Basi nivue taratibu, dada. Sweta hili kalifuma mama yangu, na mama yangu hana mzaha."

"Kazi yangu ni kuvua, bwana," Dessa alisema, koleo mkononi. "Lakini navua samaki."

Yule mtu alicheka hadi miwani ikateleza puani. Alikuwa mrefu, mwembamba, mikono yake safi kama ya daktari. Jina lake Rayford Minter, Ray kwa kifupi, fundi wa kupiga eksirei katika hospitali moja ya hapo mjini. Alikuwa amemsindikiza mwenzake wa kazini anayetamani boti. Uvuvi haukuwa umempitia akilini hata siku moja, ila sasa hakutaka kuondoka pale mezani.

"Umewahi kuvua?" Dessa alimwuliza.

"Sana tu."

"Besi?"

"Besi, kambare, wote hao."

Dessa alimpa fimbo aishike. Akaitazama. "Umeishika juu chini."

"Kwetu tunashika hivi."

"Kwenu wapi?"

"Kwetu kwa waongo," Ray alijibu, akaandikisha siku nzima ya Machi, boti nzima, mtu mmoja.

Siku hiyo ilipofika, upepo wa ziwani ulikata masikio. Ray alikuja na viatu vya kazini na vimkate vya moto vyenye soseji, vinane, kana kwamba wanahama. Hadi adhuhuri alikuwa amenasa mti, kamba ya nanga na kofia ya Dessa. Lakini alipoinama kwenye kioo cha boti kinachoonyesha vilivyo chini ya maji, Dessa alishangaa.

"Hiki siyo samaki, ni kisiki," Ray alisema, kidole kwenye kioo. "Huyu ndiye samaki. Na mwenzake kajificha nyuma, unaona ule ukungu?"

"Nani kakufundisha?"

"Kutwa nzima natazama vilivyojificha ndani ya watu. Hapa angalau havinilalamikii."

Dessa alitupa chambo penye ule ukungu. Mshipi ukakaza.

Tangu siku hiyo Ray alirudi kila baada ya wiki mbili, na katikati ya wiki simu haikupoa.

"Upo wapi?" Dessa aliuliza kila mara.

"Kazini. Nimempiga picha mzee mmoja, nikaona uti wa mgongo wake nikakumbuka nguzo za lile daraja la ziwani kwako."

"Hayo ndiyo mahaba yenu ya mjini?"

"Vumilia, mpenzi. Najifunza."

Akienda Birmingham, Dessa alivaa gauni jekundu la mikono mifupi, wakala kambare wa kukaanga, wakatembea barabarani wameshikana mikono, naye akashangaa kwamba kwa saa nzima hakuwa ameliwaza ziwa.

Mwishoni mwa Mei alimpeleka Ray mahali ambapo hakuwahi kumpeleka mteja bila kwanza kuifungia simu ya mteja huyo kwenye sanduku, pasipigwe picha. Kabla ziwa halijatengenezwa, bonde lile lilikuwa na barabara. Barabara bado ipo chini ya maji, na kwenye kona yake moja pana tuta la magamba ya kome. Joto likianza, besi wakubwa hujazana hapo. Baba yake, mzee Clifton, alilitafuta tuta hilo miaka kumi na mmoja, na magoti yalipomshinda akampa binti yake boti na mahali hapo kwa pamoja. Ndipo palipomlisha Dessa kila mwanzo wa kiangazi.

Ray alitupa mara tatu. Ya nne, fimbo ilipinda hadi majini.

"Usimlegezee! Kaza! Mwache akimbie, sasa mrudishe!"

"Nimkaze au nimwache?"

"Vyote viwili!"

Alikuwa besi jike wa ratili tisa, mdomo unaoweza kumeza ngumi. Dessa mwenyewe ndiye aliyempiga Ray picha kwa simu ya Ray, kisha wakamrudisha samaki majini.

"Usimwonyeshe mtu," Dessa alisema.

"Hata ndege hataiona."

Siku tisa baadaye, Dessa alifika na mteja alfajiri akakuta boti kumi na nne zimejipanga juu ya tuta la baba yake. Mwongozaji mmoja mzee, mtu wa dhihaka, akampungia kofia.

"Asante kwa picha, binti! Tangi la maji nyuma ya bega la kulia, nguzo ya umeme bega la kushoto. Hata kipofu angefika!"

Dessa alimpigia Ray papo hapo, mteja akiwa amekaa anatazama vidole vyake.

"Ile picha, Ray."

"Nimesikia. Ni kosa langu. Ilitoka kwangu."

"Ulimpa nani?"

"Dessa, nisamehe."

"Sijakuuliza msamaha. Nimekuuliza ulimpa nani."

"Siwezi kusema."

"Ni mwanamke?"

Ray alisita. Alisita kidogo tu, ila Dessa alikusikia kule kusita hadi mifupani.

"Siyo unavyodhani," Ray alisema.

"Basi kaa naye huyo unayemficha. Baba yangu alitoa miaka kumi na mmoja. Wewe umeimaliza kwa kidole kimoja." Akakata simu, akaizuia namba yake, akamgeukia mteja. "Tunaenda kwingine, bwana. Vaa jaketi vizuri."

Kumweleza mzee Clifton kulikuwa kugumu kuliko yote. Mzee alisikiliza, akasema tu, "Nilipapata kwa shida, na wewe utapata mahali pengine." Dessa aliyashika maneno hayo kama mtu aliyeapishwa. Kiangazi kizima alitoka kabla ya jua akapima vilindi, akatupa, akakosa, akahamia kwingine. Wateja aliwatafutia samaki mmoja mmoja, kwa jasho. Hakulia. Gauni jekundu alilitundika nyuma kabisa ya kabati.

Oktoba simu ililia, sauti ya mama mtu mzima.

"Wewe ndiye unayepeleka watu kuvua?"

"Ndiyo, mama."

"Nataka Jumamosi, siku nzima, peke yangu. Sitaki kuchanganywa na watu. Andika Verlene Oates. Nina miaka sabini na mmoja, ubishi ninao wa kutosha, na wanaume sitaki kuwaona humo botini."

"Hawatakuwamo, mama."

Bi Verlene alifika gatini amevaa koti la zambarau la Jumapili, kofia yenye unyoya, na kikapu cha kuku wa kukaanga mkononi. Dessa alimfunga jaketi la kuokolea juu ya koti lile, kwa adabu, bila kucheka. Boti ikakata maji hadi katikati ya ziwa.

"Zima mashine, binti."

"Hapa hakuna samaki, mama."

"Najua. Sikuja kwa samaki kwanza. Nilitaka mahali ambapo huwezi kunikimbia."

Dessa alizima. Mawimbi yakapiga ubavu wa boti.

"Oates ni jina la kwa baba yangu," Bi Verlene alisema, akiivua kofia na kuiweka magotini. "La mume wangu ni Minter. Ray ni mwanangu."

Dessa alihisi damu ikimpanda usoni. "Mama, ningekuomba..."

"Utaniomba nikimaliza. Ile picha Ray aliniletea mimi, mimi peke yangu, akaniambia nisimwonyeshe mtu. Tangu baba yake afariki sikuwa nimemwona mtoto yule akicheka meno yote nje. Nikaiweka kwenye ukurasa wa kanisa, nikaandika: tazameni furaha ya mwanangu. Sikujua kama nyuma yake pana tangi la maji! Kumbe shemasi wetu mmoja ana boti, naye akaisambaza kwa wavuvi wenzake."

Dessa alikaa. "Kwa nini hakusema?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema, 'Mama, Dessa hajakutana na wewe. Sitaki jambo la kwanza atakalolijua juu yako liwe hili.' Nami nikanyamaza. Miezi minne, binti. Nilisema ninamwachia Mungu, kumbe nilikuwa naona aibu." Macho yake yalikuwa makavu, ila mikono iliikunja kofia. "Kwa hiyo nimekuja. Nitukane, nimestahili."

Dessa hakumtukana. Aliuliza tu, "Yuko wapi?"

"Yuko humu humu ziwani. Kila Jumamosi, tangu Juni. Kanunua kimtumbwi cha plastiki cha kupiga kasia, na kioo kidogo kama chako. Anasema atakutafutia mahali pengine. Shingo imembabuka kama kitunguu."

"Kwa kasia? Upande gani?"

"Kule kwenye ukuta wa bwawa."

"Kule yanapita matishari, mama!" Dessa aliruka kwenye usukani.

"Ngoja." Bi Verlene aliinua kidole. "Nimekodi siku ya kuvua. Sirudi kanisani bila la kusema."

Dessa aliisogeza boti karibu na majani, akamtupia chambo, akamkabidhi fimbo. Ndani ya dakika kumi mama alivuta kibesi cha urefu wa kiganja, akakikemea, "Mama yako anajua uko huku?" akakirudisha majini, kisha akaivaa kofia na kuishika kwa mikono miwili.

"Sasa twende."

Walimkuta nyuma ya kisiwa cha miti. Kimtumbwi kilikuwa cha manjano, na Ray ndani yake alivaa kofia ya majani na shati lililochujuka mabegani, daftari ndani ya mfuko wa plastiki limening'inia shingoni. Alipoiona boti aliinuka nusu, karibu apinduke.

"Kaa chini!" Dessa alipiga kelele.

"Dessa? Mama?!"

"Huyu ni mteja wangu. Usimsumbue."

Bi Verlene aliwapa mgongo, akafungua kikapu chake. "Mimi sisikii kitu," alitangaza. "Nakula."

Dessa aliishika kamba ya kimtumbwi, akaivuta hadi wakatazamana. Midomo ya Ray ilikuwa imepasuka kwa jua. Alikuwa amekonda.

"Ungeniambia," Dessa alisema.

"Ungemchukia."

"Labda. Labda ningecheka. Hukuniachia nafasi ya kuchagua, Ray. Umenifanya nilale miezi minne nikimwaza mwanamke asiyekuwepo."

Ray aliinamisha kichwa. "Hilo ndilo kosa langu hasa. Kuliko picha."

"Na langu ni kuizuia namba yako. Nilijua ukinipigia tena nitapokea, ndiyo maana nikaizuia."

"Nilijua. Ndiyo maana nikanunua kasia."

Dessa hakutaka kucheka, akacheka, machozi yakamtoka hapo hapo. Alimpa mkono, Ray akapanda, boti ikayumba, wakashikana ili wasianguke, na boti ilipotulia hawakuachana. Ray alinuka jasho na maji ya ziwa. Dessa aliuzika uso wake kwenye shati lile lililochujuka.

"Nionyeshe daftari," alisema baadaye.

Kurasa zilijaa vilindi, ramani ndogo za penseli, tarehe. Mahali kumi na tisa. Kumi na nane palikatwa mstari.

"Palipokatwa hapana kitu," Ray alisema. "Pa kumi na tisa ndipo hapa tulipo. Naona tuta, naona vivuli, ila sijui kuvua kiasi cha kuhakikisha." Akameza mate. "Nilipanga nikipata mahali pa maana ndiyo nije kukuomba."

"Kuniomba nini?"

"Unajua."

"Sijui. Mimi navua samaki, sisomi mioyo ya watu."

"Nikuoe, Odessa. Sina pete, nina kasia. Lakini nijibu kabla hatujatupa."

"Kwa nini kabla?"

"Usije ukasema ulikubali kwa ajili ya samaki."

Bi Verlene aliacha kutafuna.

Dessa alimtazama mtu yule aliyepiga kasia kiangazi kizima kwa ajili yake bila ahadi ya lolote, akaona kwamba jibu alikuwa nalo siku nyingi, alikosa tu pa kulitua. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo, Ray. Na utahamia upande wangu wa ziwa."

"Asante Yesu," Bi Verlene aliliambia paja la kuku mkononi mwake.

Ndipo wakatupa. Wakatupa kwa chambo chekundu, kwa cheusi, kwa kinachozama na kinachoelea. Saa nzima ilipita, hata dagaa hakugusa. Vivuli vile vilikuwa vigogo. Aliyekasirika ni Bi Verlene peke yake.

Dessa alichukua penseli, akakata mstari juu ya mahali pa kumi na tisa. Chini yake akaandika namba ishirini, akampa Ray daftari, akawasha mashine.