Tairi la Tano

Fundi Geti hakuwa mtu wa kuamini mambo ya ajabu, na ndiyo maana anapoyasimulia haya wanaomjua humsadiki. Alikuwa na karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, mke mcheshi mwenye mimba ya kwanza, na pikapu aliyoipenda kupita kiasi. Mkewe alizoea kusema kuwa yeye na ile pikapu ni wake wenza, tena pikapu ndiyo bi mkubwa.

Siku moja Fundi akaivalisha pikapu matairi makubwa. Ikainuka hadi mkewe, na tumbo lake lile, akawa anapanda kwa kigoda. Matairi manne ya zamani akamuuzia jirani yake, muuza maziwa ambaye wote walimwita Maziwa, na ambaye gari lake lilikuwa la aina ileile na matairi yake yalikuwa vipara vitupu.

"Kaka, nipe na la tano," jirani alimwomba, akionyesha spea iliyofungwa chini ya gari. "Kwako halifai tena, ni dogo. Mimi sina spea, nitakwama njiani."

"Heri nusu shari kuliko shari kamili," Fundi alimjibu. "Siku nikipata pancha, hilohilo dogo litanifikisha."

Jirani hakununa. Alicheka, akapakia manne yake. Wiki ileile alipeleka maziwa upande wa pili wa msitu na hakurudi. Wenye midomo wakasema amekimbia na mwanamke.

Uchungu ulimshika mke wa Fundi jua likiwa la mchana. Mkunga wa zahanati alimpima, akasema mtoto amekaa vibaya, wakimbilie hospitali kubwa, wasipofika mapema watampoteza mmoja au wote wawili. Barabara ya hospitali ilikata katikati ya msitu. Huko ndiko tairi la nyuma, upande wa kushoto, lilikopasuka.

Fundi hakubabaika. Alijua tairi dogo halifungwi nyuma, kwenye magurudumu yanayosukuma gari, maana litaua difu, zile gia za ekseli ya nyuma. Kwa hiyo alilihamisha la mbele kushoto likaenda nyuma, na lile dogo akalifunga mbele. Upande wa kulia alikuwa amezuia gurudumu kwa jiwe lenye mstari mweupe. Kwa haraka ya kuondoka akaliacha barabarani. Dereva muungwana hafanyi hivyo, lakini mkewe alikuwa akilia.

Usukani ukawa unavuta kushoto. Hilo alilitegemea, gari limelalia upande wa tairi dogo. Ukungu ukashuka kutoka kwenye miti, mchana huohuo, akawasha taa. Mbele akaona jiwe barabarani, akalikwepa.

Lilikuwa na mstari mweupe.

"Fundi, umegeuza?" mkewe aliuliza.

"Sijageuza. Mawe yako mengi."

Alikamata usukani kwa mikono miwili, akaulazimisha kulia. Barabara ilikuwa imenyooka. Ukungu. Miti. Jiwe. Kando yake kulikuwa na tambara alilofutia mikono. Akageuza kweli sasa, akarudi alikotoka, heri zahanati kuliko hapa. Usukani ukavuta kushoto. Jiwe likaja mbele yake.

Akasimama. Akazima injini ili asikie kama kuna gari lolote linalokuja.

Sauti ilitoka kwenye korongo lililokuwa kando ya barabara, upande wa kushoto. Ilikuwa ya chini, ya mtu aliyechoka kuita.

"Kaka. Nipe la tano."

Mkewe alimshika mkono. "Si Maziwa yule? Anafanya nini huku?"

Akili ya Fundi ilikuwa ikizunguka palepale, kama gari. Akilitoa tairi, gari litabaki na magurudumu matatu na mkewe atazalia msituni. Asipolitoa, watazunguka jiwe hili mpaka mtoto afe tumboni. Hakukuwa na mlango wa tatu.

"Chupa imepasuka," mkewe alinong'ona. "Mpe. Mpe tu."

Akashuka. Akapiga jeki. Nati zilitoka kwa vidole, ingawa yeye mwenyewe ndiye aliyezikaza. Akalisukuma tairi ukingoni.

Tairi likishuka korongo huruka, hugonga, huvunja matawi. Hili halikulia.

Akasubiri. Halafu akasikia spana, kule chini. Kri. Kri. Kri. Mtu alikuwa akikaza nati bila haraka. Fundi akateremka kidogo, akiita jina la jirani yake, akipapasa vichaka. Ukungu tu. Nyuma yake, juu barabarani, injini ikanguruma. Mlango ukafungwa.

Alipopanda, pikapu yake ilikuwa juu ya jeki. Mkewe hakuwamo.

Alikimbia mpaka lori la wapasua mbao likamwokota. Alifika hospitali nguo zimeraruka, akamkuta mkewe kitandani, na binti kifuani, wote wazima. Akapiga magoti, akalia kama mtoto.

"Maziwa ni mtu," mkewe alisema. "Amenileta mwenyewe. Hakusema neno njia nzima, ila gari lake linanuka maziwa yaliyochacha. Tulipofika nikamwambia ashuke apumzike. Akasema hawezi, mguu umebanwa."

Kesho yake Fundi alishuka korongoni na wanaume wenye kamba. Pikapu ya jirani ilikuwa chini ya miti, imejikunja. Mwenyewe alikuwa nyuma ya usukani, mguu umebanwa na bodi, na yeyote mwenye pua alijua amekaa pale siku nyingi. Tairi lake lililopasuka lilikuwa limelazwa pembeni. Mahali pake pamefungwa lile dogo, nati zimekazwa.

Mlango wa abiria ulikuwa umepondwa na gogo, haufunguki. Fundi akaukata mwenyewe, kwa mashine yake ya kukatia vyuma na jenereta ya karakana, mpaka bati likaanguka.

Kiti cha abiria kilikuwa kimesogezwa nyuma hadi mwisho, kama anavyosogezewa mwanamke mwenye tumbo. Fundi akakigusa. Kilikuwa kimelowa, na bado kilikuwa na joto.