Goti Moja Kanisani

Syombua alikutwa Ijumaa asubuhi amelala chali mbele ya meza ya kanisa, hapo Emali, mwaka wa 1951. Ndoo yake ya samadi ilikuwa imepinduka kando. Daktari alisema kisogo kilipasuka kwa kugonga pembe ya meza, na kwamba mwanamke huyo alikufa jana yake jioni. Droo ya meza ilikuwa wazi, tupu.

Inspekta Muthama alimkataza kila mtu kuvuka mlango. Hasira ilikuwa imemjaa tangu alipoliona gauni jeupe la kanisa alilolivaa marehemu. Yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kanisa, lakini mama yake aliketi na Syombua benchi moja kila Jumapili.

Jengo halikuwa la waumini. Walilikodi kwa marehemu Salim, na sasa mwanawe Abdulatif, mfanyabiashara wa ngozi, alikuwa amewapa mpaka Jumapili watoke. Alitaka ghala. Waumini walisema Salim aliwapa karatasi ya mkataba wa miaka kumi, ambayo ilibakiza saba, na kila mmoja aliitia alama ya kidole gumba. Syombua ndiye aliyeitunza kwenye droo. Sasa imeibwa, na bila hiyo Jumatatu ngozi zingerundikwa palepale walipokuwa wakiimba.

Nje, umati ulikuwa tayari umeokota mawe, ukikodolea macho duka la Abdulatif. Musembi, mzee wa kanisa, alisimama mbele yao ndani ya koti lake la jeshi.

"Wewe ndiye ulipiga ripoti?" Muthama akamuuliza.

"Ni mimi, Afande."

"Uliingia ndani?"

"Hapana. Nimeona kutoka mlangoni, nikakimbia kituoni. Huyo Abdulatif umfunge. Ni yeye anatufukuza."

Muthama alirudi ndani na Konstebo Mbuvi, wakanyata ukutani. Kila Alhamisi Syombua alisiriba sakafu kwa samadi na majivu, ili Jumapili ikutwe imekauka. Samadi ilikuwa imekauka na nyayo za mtu aliyeikanyaga ikiwa mbichi. Zilikuwa za miguu mitupu.

Mlango ulikuwa upande wa wanawake, na njia fupi ya kufika mezani ilipita katikati ya mabenchi yao. Nyayo hazikupita hapo. Zilizunguka ukuta wa nyuma, zikafuata mabenchi ya wanaume, zikafika mezani, zikarudi njia ileile.

"Mgeni angekata moja kwa moja na viatu vyake," Muthama alisema. "Huyu amevua viatu kama waumini wanavyovua, na hata akija kuiba hapiti kwa wanawake."

"Afande, tazama hapa."

Hatua moja kutoka kwa maiti palikuwa na shimo la goti. Moja tu. Kando yake mguu mwingine ulikuwa umeburuzwa, umenyooka.

"Ameua, halafu akaomba," Mbuvi akanong'ona.

Muthama alitamani kumshika mtu shingo. Badala yake alikwenda dukani kwa Abdulatif.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Stesheni, napakia ngozi. Stesheni masta tulikuwa naye mpaka treni ikaondoka. Nimewaambia watoke, ndiyo. Kuua mama mzee, hapana."

"Baba yako aliwapa karatasi."

"Hakuna karatasi. Mzee wao mwenyewe aliniapia. Wakitoka, yeye nampa chumba cha mbele, afungue duka."

"Mzee yupi?"

"Musembi."

Muthama alirudi kanisani. Akauita umati ukaribie, akavua kofia.

"Mzee Musembi, kabla hatujambeba huyu mama, tuombee."

Waumini walipiga magoti mavumbini. Musembi alisita, kisha akateremsha goti la kulia. Mguu wa kushoto ulibaki umenyooka kando, mgumu.

"Huo mguu una nini?"

"Risasi ya Burma, Afande. Haukunjiki."

"Mbuvi, pima hilo goti na unyayo. Kisha upime vya ndani."

Vipimo vililingana. Musembi alikaa chini kabisa, kama mtu aliyechoka kutembea.

"Nilitaka karatasi tu," akasema. "Alinishika koti. Akaniita Yuda. Nikamsukuma. Nilipigana vita ya Mzungu miaka mitatu, wakaniahidi shamba, nikarudi na hili koti. Wote mnajua. Chumba kimoja cha kuangalia barabara, hicho tu nilitaka, kabla nife."

"Na Abdulatif? Ungeacha anyongwe?"

Musembi alitazama mawe mikononi mwa watu wake. "Ningeacha."

Mama mmoja alimtemea mate miguuni. Hakuna aliyemzuia, na Muthama hakutaka kumzuia. Alilipapasa lile koti mpaka akasikia kitu kikichakarika ndani, akapasua bitana, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, nzima, imejaa alama za vidole. Mjinga huyu angeichoma, hakuna ambaye angejua.

"Mbona hukuichoma?"

"Kidole cha Kalunde kimo," mzee akasema. "Mke wangu. Alikufa mwaka jana. Sina picha yake."

Muthama akaikunjua mbele ya macho ya mzee. Kila jina liliandikwa kando ya kidole.

"Hiki ni cha Kalunde," akasema. "Na hiki chini yake, kilichogusana nacho, soma ni cha nani."

Musembi alisoma jina la Syombua. Kisha akanyoosha mikono yote miwili, afungwe pingu.