Mfarishi wa Bi Waridi

Mgongo wake ulikuwa na joto. Rehani alifumbua macho alfajiri ile ya mwezi wa saba, juu ya milima ya nyuma ya Mpwapwa, mahali ambapo upepo wa kipupwe hukufanya ujute kuzaliwa, akajikuta anatokwa jasho mgongoni. Pua baridi, masikio baridi, vidole vya miguu havina habari. Lakini mgongo, nyie, mgongo ulikuwa umepata moto utadhani amelala ameegemeana na mtu.

Alifurahi. Tusidanganyane, hata mimi ningefurahi. Wiki mbili nzima alikuwa hajalala usingizi wa kueleweka.

Ilikuwa tisini na tatu, miaka ile ya ruksa, kila mtu na biashara yake. Bartolomayo, karani wa Makole kule Dodoma mjini, alikuwa ameacha kazi ya serikali akakata leseni ya kutafuta vito. Akaja kwetu na sururu, masufuria, na belo moja la mitumba ya jeshi la nchi gani sijui. Ndani ya belo mlikuwa na machela, vitambaa vigumu vya kijani vyenye kamba huku na huku; unafunga kwenye miti miwili, unalala hewani. "Chini hapa kuna nge na vifutu," aliwaambia vibarua. "Lala juu, kesho ukaone watoto wako." Rehani akaajiriwa mpishi na mlinzi wa kambi.

Nge hawakumpata. Baridi ilimpata. Baridi ya machela haikujii kwa juu kama unavyodhani. Inakujia kwa chini, upepo unapita huru chini ya mgongo wako na kuondoka na joto lote. Rehani alijaribu kulalia koti na magunia, vikabanwa na uzito wake, visimsaidie kitu. Bartolomayo, ambaye yeye alitandika godoro la sponji, alimcheka sana.

"Wewe Rehani, usilalie kitu! Kining'inize chini ya machela, kwa nje, kisibanwe. Kitu kinene chenye kushika hewa. Utalala kama mtoto."

Kitu kinene. Nyumbani blanketi lilikuwa moja tu, la mkewe Sikudhani na binti yao mdogo, Ikram. Ila Rehani alijua kitu kinene kilipo, na hapa ndipo ninapoona haya kuendelea, maana mtu huyu ni wa mtaani kwetu.

Mama yake, Bi Waridi, ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike pale mjini, na ndiye aliyetunza ufunguo wa stoo ya nyuma ya msikiti linapokaa jeneza. Ndani ya jeneza mlikuwa na mfarishi. Miji mingine hawana, sisi tunao: tandiko nene la sufi, alilolishona Bi Waridi kwa mkono wake, la kumlaza maiti asikae kwenye mbao tupu. "Njia ya makaburini ina mawe," alikuwa akisema. "Mtu asiumie mgongo siku yake ya mwisho." Miaka ishirini na sita ufunguo ule ulining'inia shingoni kwake. Aliyesafiri akitaka kuacha kitu cha thamani alimwachia Bi Waridi, na wala hakumwandikisha.

Siku Rehani aliposhuka mjini, mama alikuwa anaoga, ufunguo uko kwenye msumari. Akauchukua, akaenda stoo, akatoka na mfarishi, akarudi, akautundika ufunguo. Muda wa kuchemsha chai tu. "Mfarishi nitaurudisha kabla hajafa mtu," alijiambia. Loo! Utadhani Izraili alikuwa amemwonyesha ratiba.

Basi akaufunga mfarishi chini ya machela yake, ncha nne, ukabembea pale umelegea, na alfajiri mgongo ukawa na joto.

Alfajiri ya pili akasikia harufu ya kafuri. Akajiambia ni ya zamani, imeshika kwenye kitambaa. Alfajiri ya tatu kamba zikalia. Rehani alikuwa macho, ametulia tuli, hajapindua hata shingo, na kamba zililia kama zinavyolia mtu anapojigeuza. Kisha zikanyamaza, na joto likahama kutoka kiunoni kwake likapanda polepole mpaka katikati ya mabega, likakaa hapo.

Asubuhi, Khamisi, mchimbaji aliyefunga machela yake mti wa pili, alimfuata jikoni. Hakumtazama usoni.

"Ndugu yangu, usinielewe vibaya," alinong'ona. "Umelala na nani jana?"

"Na nani tena? Peke yangu."

"Nilitoka kwenda haja, kumeanza kupambazuka. Chini ya machela yako, kwenye lile tandiko..." Khamisi aligeuka kuutazama mti wa Rehani. "Lilikuwa limejaa, Rehani."

"Limejaa upepo."

"Upepo hauna visigino."

Rehani akamwambia aache bangi. Khamisi akahamisha machela yake mchana ule ule, akaenda kufunga upande wa pili wa kambi, na tangu hapo alikula chakula cha Rehani kwa kuogopa.

Usiku uliofuata Rehani aliapa atalala chini, nge wakitaka na waje, lakini baridi ilipokaza na meno yakaanza kugongana miguu yake ikampeleka yenyewe kwenye machela, akapanda, akajilaza, na kabla hajavuta koti juu ya kifua akasikia kule chini kitu kinajipanga vizuri, kinanyoosha miguu usawa wa miguu yake, kinaweka mgongo usawa wa mgongo wake, kitambaa kimoja tu kati yao, na kilipovuta pumzi machela ikapanda kidogo naye akapanda nayo, kiliposhusha akashuka, akapanda, akashuka, usiku kucha, huku machozi yakimtoka kwa woga na, aibu gani hii jamani, kwa raha ya lile joto.

Ijumaa akashuka mjini na posho ya mchele. Alikuta mama yake amekaa barazani, shingo tupu. Ule ufunguo haukuwepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hukusikia kambini? Salha wa mtaa wa juu amefariki Jumatano, kwa uzazi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tumekwenda kufungua jeneza, mfarishi hamna. Mtoto wa watu amekwenda juu ya mbao, tumemwekea kanga zetu."

Rehani alisimama na mchele wake.

"Wanasema nimeuuza," Bi Waridi akaendelea. "Wamenijia wamama wenzangu niliowaoshea mama zao. Wananiambia siku hizi kila kitu sokoni, Bi Waridi, na wewe umeona utuuzie sisi? Nimewapa ufunguo wao. Sikuweza hata kulia." Akainua macho. "Hebu niambie. Ulipokuwa hapa, mwanangu, wewe hujaona?"

Jibu la kweli lilikuwa fupi. Neno moja tu. Sikudhani alikuwa mlangoni na ungo mkononi, anamtazama mumewe, na Rehani akahisi katikati ya mabega, mchana kweupe, lile joto.

"Sijaona, mama."

Kesho yake alipanda mlimani ameamua. Ataufungua, ataurudisha gizani, autupie dirishani mwa stoo, basi. Aliposhika fundo la kwanza, jua la saa saba likiwa utosini, mfarishi ukawa mzito. Alivuta. Ukavutana naye. Kisha kutoka ndani ya zile nyuzi za Bi Waridi ikatoka sauti ya upole, ya mtu aliyeamshwa.

"Umenitandikia, nimelala. Sasa unanitoa uniweke wapi?"

Rehani aliteremka mlima ule bila viatu.

Kulikuwa na Shehe Abubakari, mtu wa Kondoa, aliyekuwa akisomea watu chumba cha nyuma pale karibu na stendi. Hakuwa mtu wa mbwembwe. Alimsikiliza, akafukiza ubani, akamsomea, na kitu kikaanza kusema kwa kinywa cha Rehani, maneno yale yale: umenitandikia, nimelala. Shehe akafunika chetezo.

"Kile kitu kilishonwa kwa ajili ya kulaliwa na waliokwishapoa," alisema baadaye. "Wewe umekining'iniza wazi porini, hakina mtu ndani. Mpita njia amekuta kitanda. Na amekuta na mwenyeji mwenye la kuficha, kwa hiyo amekaa."

"Nitaurudisha leo hii, shehe. Kimyakimya."

"Utarudisha kitambaa. Yeye atabaki mgongoni kwako." Alimkazia macho. "Dawa yako sina mimi. Ijumaa, watu wakishaswali, simama useme: ni mimi niliyechukua, mama yangu hana kosa. Siku hiyo hiyo atatoka. Hawezi kukaa pasipo na la kuficha."

"Mbele ya watu wote?"

"Si mbele ya watu wote wanamsema mama yako?"

Ijumaa Rehani alioga, akavaa kanzu. Swala ikaisha. Akasimama. Watu wa safu ya mbele wakageuka, wakiwemo wazee waliomfundisha kusoma, na mume wa Salha mwenye macho mekundu. Imamu akasema, "Haya, kijana wa Bi Waridi, una neno?"

Rehani akasema, "Nilikuwa natafuta viatu vyangu."

Wakacheka kidogo, wakatoka. Naandika haya nikiwa nimeinamisha uso, maana nilikuwamo mle msikitini, na mimi nilicheka.

Bi Waridi hakutoka tena nje. Kitandani hakulala, alitandika jamvi sakafuni, akasema kama Salha alikwenda juu ya mbao yeye ni nani wa kulalia godoro. Sikudhani alimbembeleza, alimletea hata lile blanketi lao moja, akalikataa. Ile baridi ya saruji ya kipupwe ikamwingia kifuani. Usiku mmoja Sikudhani alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Baba Ikram, kama kuna unalolijua, mwambie mama. Hata kama ni uongo, mwambie kitu." Rehani akajibu, "Kesho." Kesho yake, Jumanne, Bi Waridi akaamka hana pumzi, na adhuhuri haikumkuta.

Mfarishi ulikuwa bado mlimani. Jeneza likaletwa tupu.

Kabla ya kumswalia, imamu aliwageukia watu kama kawaida yetu. "Bi Waridi ameishi nanyi. Amewaosha mama zenu na dada zenu. Mwanadamu hakosi kukosea. Hili la mfarishi mnalijua. Nawaombeni, msameheni, aende mwepesi. Mmemsamehe?"

"Tumemsamehe!" uwanja mzima ukaitikia.

Rehani alikuwa safu ya kwanza. Kinywa kikafunguka, na alidhani, wallahi alidhani, sasa atasema. Likatoka neno: "Tumemsamehe."

Alibeba jeneza upande wa kichwa, kama inavyompasa mtoto wa kiume. Njia ya makaburini ina mawe, na kila wabebaji walipojikwaa alisikia kwenye sikio lake, kupitia ule ubao, kichwa cha mama yake kinagonga. Ko. Hatua tatu. Ko. Kanga hazitoshi. Wengine walikuwa wanasoma uradi hawakusikia, au walisikia wakanyamaza. Mgongo wake njia nzima ulikuwa wa moto.

Jioni hiyo hiyo alipanda mlimani na kibiriti na chupa ya mafuta ya taa. Kambi ilikuwa kimya, Khamisi na wenzake wote walikuwa wamebaki mjini msibani. Alipofika, mfarishi ulikuwa umelegea bapa chini ya machela, mwepesi, unapeperuka. Hakuna kitu. Hata mgongoni hakuna kitu. Alijipapasa, baridi tupu, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba. Kimeondoka, alisema. Kimenihurumia kwa msiba. Akajilaza kwenye machela apumzike kidogo kabla ya kuuchoma, akalia, alilia sana, baridi ikimpanda kwa chini kama ilivyompanda siku za kwanza, na kilio kilipopungua akasikia kamba zinalia taratibu, si kwa uzito ule aliouzoea bali kwa uzito mdogo, wa mtu mwepesi, mzee, anayepanda kwa tabu akishika kiuno, anayejikunja magoti kifuani kama alivyokuwa anajikunja mtu mmoja tu katika maisha yake yote, na harufu iliyokuja haikuwa ya kafuri peke yake, ilikuwa na mafuta ya nazi na moshi wa jiko la nyumbani kwao.

Joto likamfika mgongoni. Dogo, la uvuguvugu.

"Mwanangu," ikasema sauti kule chini. "Wewe hujaona?"

Alijua si mama. Shehe alimwambia, na mwenyewe alikuwa ametoka kumfukia mama yake kwa mikono yake. Alijua pia kwamba neno moja tu, hata pale, hata msituni pasipo na mtu, lingekuwa mwanzo wa kutoka. Kibiriti kilikuwa mfukoni.

"Sijaona, mama," alisema Rehani.

Mfarishi ule alikuja kuuchoma baadaye. Uliungua vizuri tu, kama kitambaa chochote. Siku hizi anaishi Makole, analinda ghala. Halalii godoro, halalii hata boksi, anajilaza juu ya saruji kavu kipupwe chote, na walinzi wenzake wanaotetemeka karibu na moto humtania kwamba yeye damu yake ni ya moto. Alfajiri, kabla ya adhana, midomo yake hutikisika. Wanadhani anasali.