Risiva Tano za Bertrams

"Tano! Nimesema zilikuwa tano, na wewe ndiye uliyekuwa zamu. Nani mwingine kaziiba, mashetani?"

"Khatibu, uogope Mungu. Mi sikugusaka kabati yako."

"Basi lilijifungua lenyewe?"

Mwanaasha alipiga meza kwa kiganja. "Nyamazeni wote wawili! Hapa ofisini, si sokoni."

Ilikuwa Ijumaa, 17 Agosti 2018, saa mbili na robo asubuhi, katika kampuni ndogo ya ulinzi mtaani Bertrams. Kabati la chuma la silaha lilikuwa wazi, tupu, bila zile risiva zilizoletwa jana. Khatibu, mtunza ghala, alisema alilikuta hivyo alipofika kazini. Ufunguo wa akiba ulikaa ndani ya bahasha kwenye chumba cha zamu cha Jacques, mlinzi kutoka Bukavu, na bahasha ilikutwa imechanwa. Sajenti Maluleke wa polisi alikuwa ameshamkalisha Jacques ubavuni mwake.

Mwanaasha, karani wa kampuni, alikuwa dada yake Khatibu. Ndiye aliyemwombea kazi hiyo.

Risiva ni kiwiliwili cha bunduki, chuma kinachobeba namba. Kwa sheria ya Afrika Kusini, kiwiliwili hicho peke yake kinahitaji leseni kama bunduki nzima. Ukinunua tano kwa mpigo unajaza fomu tano, kila moja na alama zake za vidole, halafu unasubiri leseni tano. Mwanaasha ndiye aliyezijaza zote, mwezi Machi.

Sajenti alianza na Lambert, dereva aliyelileta boksi la risiva jana kutoka duka la silaha.

"Kutoka dukani Braamfontein hadi hapa ni dakika kumi na tano. Wewe umetumia saa nzima. Ulikuwa wapi?"

"Eish, robot zote zilikufa, chef, njia panda hakuna taa hata moja. Uliza polisi wenzako, walikuwa wamesimama kivulini wanatuangalia."

"Ulilifungua boksi?"

"Mimi? Lilikuwa na lakiri ya duka. Tena jepesi, nililibeba kwa mkono mmoja kama mkate. Saa tisa na nusu nikamkabidhi Khatibu, akasaini."

Mwanaasha aliinua kichwa. Vyuma vitano, kwa mkono mmoja?

Aliivuta rejesta ya kabati. Chini ya tarehe ya jana kulikuwa na mwandiko wa Khatibu: namba tano, na mbele ya kila namba maneno "imesomwa kwenye chuma". Akafungua faili la leseni. Akapiga simu duka la silaha, akasikiliza, akashukuru, akakata.

"Sajenti, niachie mtunza ghala dakika tano. Nyinyi kanyweni chai hapo koridoni."

Mlango ulipofungwa, Mwanaasha hakukaa.

"Leseni hutoka moja moja, Khatibu. Zetu zimetoka tatu. Bila leseni duka haliachii chuma, kwa hiyo jana walituma risiva tatu. Mbili ziko kwao mpaka sasa hivi. Wewe umezisomaje namba za hizo mbili?"

Khatibu alinyoosha mkono kuichukua rejesta; Mwanaasha akaivuta kwake.

"Ulizinakili kutoka kwenye oda. Boksi hukulifungua, wala halikukaa kabatini hata dakika moja. Limekwenda wapi?"

"Dada..."

"Wapi?"

"Alexandra. Kwa wale waliochoma kiduka changu cha spaza. Walisema nikiwapa chuma nitafungua tena, na hakuna atakayenigusa."

"Na bahasha ukaichana wewe. Kwa nini Jacques?"

"Mkimbizi yule. Karatasi zake zinaisha mwezi ujao. Nani atamsikiliza?"

"Mimi niliingia nchi hii na karatasi kama zake. Wewe umekula kwa karatasi hizo."

"Kata namba mbili tu, dada. Sema nilikosea kuandika, zilikuwa tatu. Mwandiko wako wanauamini. Kalamu hiyo hapo."

"Na Jacques aende jela."

"Bora yeye kuliko mimi! Mama kule Tanga atakuuliza umenifanya nini. Utamjibu nini?"

"Nitamjibu kweli, na hatanisamehe."

Akaikumbatia rejesta kifuani, akafungua mlango.

"Sajenti, mwache Jacques aende kwa watoto wake. Unayemtafuta yuko humu ndani. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Njoo nikuoneshe mwandiko wake."