Pango la Karatasi za Saruji

"Nani kawaambia mpambe nyumba hii?"

Nakhle alisimama mlangoni, mkate kaubana kwapani, koti hajavua. Mimi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, mikono imejaa rangi ya kahawia. Mama yake alikaa kitini akifungua sanamu za wachungaji, moja moja, kutoka kwenye magazeti ya zamani.

"Mimi," mama akajibu. "Funga mlango, baridi inaingia."

"Mama, hii ni nyumba ya msiba."

"Msiba wa nani?"

Nakhle alinitazama mimi, uso umemshuka, nikajua kuna jambo.

Naitwa Takla. Nakhle alikuwa mchumba wangu kwa mwaka wa nne. Kwetu huku milimani Lebanoni, nyumba iliyofiwa haiweki pango la Krismasi wala taa, na harusi husubiri. Baba yake, mzee Iskandar, alianguka kutoka juu ya paa la ghorofa aliyokuwa akitujengea, miezi miwili kabla ya ndoa yetu. Mwaka wa kwanza nilingoja bila kuuliza. Wa pili nikauliza. Nakhle akasema mama yake hataki kusikia neno harusi, na akiniona mimi ndiyo analia zaidi, kwa hiyo nisipande kijijini kwao. Nikabaki mjini kwetu, bondeni, nafundisha watoto wa watu. Mwaka wa tatu mama yangu mzazi akaanza kunichoma:

"Umechumbiwa na mtu wewe, au na kaburi?"

Asubuhi ya siku hiyo, tarehe ishirini na tatu Desemba, kwenye simu yangu ukaingia ujumbe:

"Takla mwanangu, ni Mama Nakhle. Mikono yangu siku hizi haishiki vizuri. Njoo unisaidie kutengeneza pango. Kama bado hunitaki, nitaelewa."

Niliusoma mara tatu. Mimi ndiye nisiyemtaka?

Nikapanda. Mama alinipokea kwa kunishika mashavu, hakuuliza kitu. Dengu na ngano alizootesha kwenye pamba tangu sikukuu ya Mtakatifu Barbara, mwanzoni mwa Desemba, ziwe majani ya pango, zilikuwa zimesimama kijani kibichi kwenye visahani. Akanipa karatasi ngumu za mifuko ya saruji, nikazikunjakunja ziwe kama mwamba, nikazipaka rangi, nikapuliza unga juu yake uwe theluji. Tulifanya kazi saa nzima tukizungumzia gundi na mawe tu. Kila mmoja alikuwa anamwogopa mwenzake. Ndipo Nakhle akaingia.

"Karatasi hizo mmezitoa wapi?" akauliza.

"Juu," mama akasema. "Mifuko aliyoacha baba yako."

"Ungeniuliza kwanza."

"Nikuulize nini? Baada ya misa ya mwaka ya baba yako nilikwambia, nguo hizi nyeusi za msiba ni zangu na mume wangu, wewe nenda kamchukue mwenzako. Nilikwambia au sikukwambia?"

Nakhle akatazama karatasi za pango.

Nikafuta mikono kwenye kitambaa, nikatoa simu. Ujumbe wake wa mwaka uliopita sikuwahi kuufuta. Nikausoma kwa sauti: "Takla, vumilia. Mama kalia tena leo. Anasema akiona harusi nyumba hii atakufa. Tungoje mwaka mmoja tu."

Mama akaweka mchungaji mezani taratibu.

"Mimi nilisema hivyo?"

"Ndivyo alivyoniandikia, mama."

"Mimi aliniambia wewe umebadilika. Kwamba kijiji kimekushinda, unataka kwenda Kanada kwa kaka yako. Kwamba ungekuja huku ingekuwa kwa kulazimishwa." Akamgeukia mwanawe. "Nakhle, miaka yote hii nimemnung'unikia mtoto wa watu mbele ya Mungu."

"Una mwanamke mwingine?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Basi sema. Leo utasema."

Akakaa chini palepale, mgongo mlangoni, mkate bado kaukumbatia.

"Siku ile ya msiba, baba alinipigia mara nne," akasema. "Nilikuwa na wewe, kwa sonara, unajaribu pete. Nilikuwa nimemwahidi nitarudi tumalizie paa la ghorofa yetu. Nilipoona anapiga sana, nikazima simu. Nilipoiwasha, alikuwa keshakufa. Tangu siku hiyo nikikuona nafurahi, halafu naona aibu kwamba nimefurahi. Sikuweza kukuoa, Takla. Na kukuacha pia sikuweza."

Moyo uliniuma. Lakini hasira ilikuwepo palepale, haikuondoka.

"Unajua alikuwa anakupigia kwa nini?" mama akauliza kwa upole.

"Nije nimsaidie."

"Alitaka umuulize Takla anapenda milango rangi gani. Duka la rangi lilikuwa linafungwa saa nane. Nilimwambia waache watoto, hakunisikia. Halafu akapanda. Yule mtu kapanda mapaa miaka thelathini, lini alikuomba ruhusa?"

Nakhle akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata mazikoni. Mama hakuinuka kumbembeleza. Alimwacha mpaka akatulia, ndipo akasema, "Shika hilo tawi la msonobari, ulifunge dirishani, mwenzako hafiki."

Tukalimaliza pango watatu. Mariamu upande huu, Yosefu upande ule, hori tupu katikati likimngoja mtoto. Nyota alitundika Nakhle. Nilipovaa koti nikamwambia:

"La simu halina kosa, sina cha kukusamehe hapo. La kunifanya nimchukie mama yako miaka yote hii, hilo ni lako. Siku ya Krismasi, mkitoka misa, njoo naye kwetu. Uyaseme yote haya mbele ya mama yangu. Ukishindwa, usije kabisa."

Walikuja. Mama yangu alikuwa keshaandaa mdomo wake, nilimwona. Lakini Nakhle hakuketi. Alisimama katikati ya sebule, akasema kila kitu, uongo mmoja baada ya mwingine, bila kujitetea.

"Sasa namwomba upya," akamalizia. "Akikataa, ana haki."

Wote wakanigeukia.

"Ukiogopa, niambie unaogopa," nikamwambia. "Nitakaa na wewe mpaka hofu ikuishe. Lakini usinitengenezee tena mtu wa kumchukia."

"Sitarudia."

"Basi nimekubali."

Mama Nakhle akavuka sebule, akanibusu kichwani, akakaa karibu yangu, si karibu ya mwanawe.

Tulifunga ndoa Jumapili ya pili baada ya Pasaka. Tangu hapo, nikitaka kujua Mama Nakhle anafikiri nini, namuuliza mwenyewe.